Mubambiro, Nchi ya Hewa Isiyoonekana

Msafiri atokaye Goma kwenda magharibi huziacha nyuma nyumba za mji, hupita Mugunga, kisha huingia katika nchi nyeusi. Upande wa kulia husimama milima miwili ya moto, Nyiragongo ulio karibu na Goma, na Nyamulagira ulio mbele zaidi. Upande wa kushoto hung'aa maji ya Ziwa Kivu. Katikati ya milima na ziwa inapita barabara ya Sake. Sake iko umbali wa kilometa 25 hivi toka Goma, na muda mfupi kabla ya kufika huko msafiri huikuta Mubambiro, katika wilaya ya Masisi.

Nchi hii imejengwa na moto. Mwaka 1938 mlima Nyamulagira ulipasuka ubavuni, ukatoa lava iliyoendelea kutiririka hata mwaka 1940, ikateremka mpaka ziwani karibu na Sake. Lava ikipoa hugeuka jiwe jeusi lenye meno. Watu hulitumia kujengea kuta na nyua, na wakulima wenye subira hupanda mbegu katika nafasi ndogo za udongo zilizo katikati ya mawe. Lakini jiwe hilo ni jiwe kali. Huchana viatu, hukata matairi, na kila chombo kinachoning'inia chini ya gari halikiachi salama.

Sake ni njia panda. Barabara moja hushuka kusini kwa kuufuata mwambao wa ziwa mpaka Minova, na kuendelea Bukavu. Nyingine hupanda kaskazini kwenda Kitchanga. Nyingine hupanda milima ya Masisi na kuendelea mpaka Walikale, katika msitu mkubwa. Basi kila kitu kitokacho huko juu kwenda Goma sharti kipite Mubambiro: viazi, maharagwe, jibini, mbao na makaa. Malori hupita, motokaa za abiria hupita, na chukudu nazo hupita, yaani yale magari ya mti yenye magurudumu mawili ambayo sanamu yake imesimamishwa mjini Goma kwa heshima ya wanaoyaendesha.

Vita navyo vimepita katika barabara hii. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Goma, na maelfu yao wakapiga kambi Mugunga. Mwezi wa Januari 2025 mapigano yalifika Sake na Mubambiro, na tarehe 27 ya mwezi huo waasi wa M23 wakaingia Goma. Katika siku za namna hiyo kila gari liwezalo kutembea hujazwa watu mpaka mlangoni. Hakuna aulizaye kama gari ni zima. Watu huuliza tu kama litafika.

Lakini msomaji mpenzi, leo hatutaki kueleza habari za bunduki. Tunataka kueleza adui mwingine, asiye na sauti wala rangi, ambaye watu wa Mubambiro wanamfahamu kuliko watu wengi wa dunia. Adui huyo ni hewa.

Katika mabonde madogo na mashimo yaliyo kati ya Goma na Sake, hasa karibu na ziwa, hutoka ardhini hewa ambayo wenyeji huiita mazuku, yaani upepo mbaya. Wataalamu wa mawe na milima ya moto huko Ulaya na Marekani wamelipokea neno hili kama lilivyo, wakaliandika katika vitabu vyao. Mazuku ni hewa ya ukaa, ile ambayo wataalamu huiita kaboni dayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia bondeni kama maji yanavyotulia kisimani, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi ashukaye shimoni kula majani huanguka. Mtoto amfuataye mbuzi huanguka vilevile. Na mtu mzima akimkimbilia mtoto bila kufikiri, naye huenda asirudi.

Nguvu ya hewa hiyo si jambo dogo. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa wingu la hewa ya ukaa, likashuka mabondeni, na watu wapatao 1,700 wakafa. Ziwa Kivu nalo lina hewa hiyo nyingi iliyoyeyuka katika vilindi vyake, pamoja na methani. Ndiyo sababu wazee wa nchi hii huwaonya watoto: usilale bondeni, usishuke shimoni penye wadudu waliokufa, usimwache mdogo wako acheze mahali pa chini kabla ya jua kupanda.

Elimu hii ni hazina. Aliyekua Mubambiro hahitaji kufundishwa kwamba hewa isiyonuka yaweza kuua, kwa maana amekwisha kuona. Basi tunamwomba atumie elimu hiyohiyo pindi apandapo gari kwenda Masisi. Kwa maana iko hewa nyingine mbaya, isiyotoka ardhini, bali tunaitengeneza sisi wenyewe na kusafiri nayo. Hewa hiyo hutoka katika bomba la moshi.

Mtambo wa gari hula petroli na hewa, navyo huungua ndani ya silinda. Kama hewa ingetosha sawasawa, petroli karibu yote ingegeuka mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Lakini mara nyingi petroli huzidi na hewa hupungua, na hapo huzaliwa kaboni monoksaidi. Hewa hizi mbili ni ndugu wa baba mmoja, lakini tabia zao si moja. Mazuku ni nzito na hukaa chini; kaboni monoksaidi karibu hulingana na hewa kwa uzito, kwa hiyo huchanganyika nayo na kufika kila pembe ya gari. Mazuku hukaa mahali pake kumngojea mtu. Kaboni monoksaidi humfuata mtu kitini kwake.

Tena njia yake ya kuua ni ya hila. Ikiingia mapafuni hushika chembe nyekundu za damu, nayo huzishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikavyo. Damu yaendelea kuzunguka, moyo wapiga, lakini mwili wakosa kile unachokihitaji. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hushikwa na usingizi. Na abiria wa njia ya milima akisinzia, nani atashangaa? Wenzake husema, “Mwacheni, amechoka.” Hapo ndipo ilipo hatari.

Nchi ya juu huongeza shida hii. Ziwa Kivu liko kimo cha meta 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na njia ya Masisi hupita meta 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Gari la zamani lenye kabureta iliyotengenezwa kwa nchi ya chini litaendelea kumimina petroli ileile wakati hewa imepungua. Moshi wake utakuwa mweusi, na kaboni monoksaidi itazidi. Mitambo ya dizeli hutoa kidogo zaidi ya hewa hiyo, lakini moshi wake una sumu nyingine. Mwaka 2012 shirika la uchunguzi wa saratani la Umoja wa Mataifa liliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu viletavyo saratani.

Basi mtengenezaji wa gari alijua haya yote. Ndiyo sababu alifunga bomba refu kutoka mtambo mpaka nyuma ya gari. Watu wengi hudhani kazi ya bomba hilo, ambalo mafundi huliita ekzosi, ni kupunguza kelele tu. Kelele ni kazi ya sailensa, ambayo ni sehemu moja tu. Kazi kubwa ya bomba zima ni kuipeleka sumu mbali na watu.

Sasa tutazame linavyoharibika katika barabara hii. Mwanzo wake, ubavuni mwa mtambo, ni manifoldi, chuma kizito cha kusubu chenye midomo ya kupokea moshi wa kila silinda. Chuma cha kusubu huvumilia moto mwingi, lakini hakipendi kushtuliwa. Gari likipanda mlima na shehena kubwa, manifoldi huwaka. Kisha likiingia ghafula katika kijito au dimbwi, maji ya baridi yakairukia, huweza kupasuka. Huko chini mawe ya lava hugonga bomba, matope huficha mawe mengine, na raba zinazolishikilia hukatika. Ufa ukianza, mwanzoni husikika mlio mwembamba wakati mtambo ni baridi. Mtambo ukipata moto, chuma hutanuka na mlio hunyamaza. Mwenye gari hufurahi, akidhani ugonjwa umekwisha.

Manifoldi ikipasuka kabisa, mwenye gari hutafuta nyingine. Kupata ileile ya kiwandani si rahisi. Vipuri vya Goma husafiri mbali: vingine hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, hupita Kampala au Kigali, ndipo vikavuka mpaka. Hata katika soko la Kisekka mjini Kampala, au katika maduka ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, mtu aweza kuzunguka siku nzima na kuambiwa kwamba cha asili hakipo, ila kipo kilichotengenezwa na kiwanda kingine. Mara nyingi kitu hicho huwa heda.

Heda hufanya kazi ya manifoldi, lakini umbo lake ni jingine. Badala ya chuma kimoja kizito, ni mabomba membamba ya chuma yaliyopindwa, kila silinda na bomba lake, nayo hukutana mbele. Kukutana kwao hakupangwi ovyo. Tutazame mtambo wenye silinda sita katika mstari mmoja, ambao huwaka kwa zamu hii: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Hesabu vizuri, utaona kwamba silinda tatu za mbele na tatu za nyuma hupokezana, moja ya mbele, kisha moja ya nyuma. Kwa hiyo heda nyingi za mtambo huo huyakusanya mabomba matatu ya mbele pamoja, na matatu ya nyuma pamoja, ili pumzi ya silinda moja isiizuie pumzi ya nyingine. Moshi hutoka kwa wepesi, na mtambo hupata nguvu kidogo zaidi.

Lakini heda imetengenezwa na mtu mmoja, na bomba lililobaki chini ya gari limetengenezwa na mtu mwingine. Hawa wawili hawakuonana. Manifoldi ya asili ina mdomo mmoja, heda ina miwili. Bomba la asili lina bamba la bolti tatu, heda ina bolti mbili. Kipenyo si kimoja, pembe si moja, na mdomo wa heda hufika mbele zaidi au chini zaidi. Hapo fundi wa njiani ndiye apatanishaye wageni hawa wawili, na upatanisho wake ukiwa mbaya, sumu hutokea papo hapo, chini ya miguu ya abiria.

Tuchukue mfano. Shofere, kama watu wa Goma wamwitavyo dereva, anamfikia fundi mzee na heda mkononi.

“Papa, nimeleta chuma kipya. Naomba ukifunge leo, maana kesho alfajiri napanda Masisi na abiria.”

“Karibu, mwanangu. Bomba la zamani lina hali gani?”

“Ni zima, Papa, lakini midomo haikutani. Tuzungushie bati, tukaze kwa waya. Nikirudi tutafanya vizuri.”

“Bati na waya huweza kupunguza kelele, mwanangu. Hewa havitaizuia. Wewe unakaa mbele na dirisha lako wazi. Mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni atafungua nini? Kalale. Kazi hii nitaimaliza kesho jioni.”

Fundi wa namna hii anastahili kusifiwa. Na sasa tueleze afanyavyo, ili mwenye gari ajue analolipia.

Kwanza hupima kabla ya kukata. Hufunga heda mahali pake mtamboni kwa bolti zake zote na gasketi mpya, hulala chini ya gari, na kutazama mdomo wake unaelekea wapi. Hupima kipenyo cha ndani na cha nje, nafasi kati ya matundu ya bolti, na pengo lililobaki mpaka bomba la asili. Kisha hukata kiolezo cha karatasi ngumu, akakijaribu pande zote mbili. Karatasi iliyokatwa vibaya hutupwa bila hasara. Chuma kilichokatwa kifupi hakirefuki tena.

Pili huchagua njia. Njia zilizo nzuri ni tatu. Ya kwanza ni kukata bamba la zamani kutoka bomba la asili, na kuchomelea bamba jipya lenye matundu yanayolingana na heda. Ya pili ni kutengeneza kipande kifupi cha katikati, upande mmoja bamba la heda, upande wa pili bamba la bomba la asili. Njia hii huongeza kiungo kimoja cha kulinda, lakini bomba la asili halikatwi, na siku manifoldi ya kiwandani ikipatikana, yote yaweza kurudi kama zamani. Ya tatu ni kuingiza bomba ndani ya bomba na kulikaza kwa klempu. Hapo sharti bomba litokalo mtamboni liingie ndani ya lile liendalo nyuma, na si kinyume chake, ili moshi usiupige ukingo na kupenya nje. Kama heda ina midomo miwili na bomba la asili ni moja, hutengenezwa kiungo chenye umbo la panda, na miguu yake huinamishwa pole ili moshi usigonge ukuta.

Tatu huchagua chuma. Bamba la kiungo liwe nene, milimita 8 au 10. Jembamba hupinda kwa moto wa kuchomelea, na likipinda gasketi haishiki. Kama kipenyo cha bomba moja ni milimita 51 na cha jingine ni 57, haifai kulijaza pengo kwa madonge ya chuma kilichoyeyuka. Hutengenezwa kipande cha umbo la faneli, kianzacho kidogo na kuishia kikubwa. Na bomba la maji lililopakwa zinki lisitumiwe. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe wenye sumu, unaomtia fundi homa na kutetemeka usiku uleule. Vilevile kamba za asbesto zilizotumika zamani katika viungo ziachwe, kwa maana vumbi lake huharibu mapafu.

Nne huchomelea kwa adabu. Kwanza hutenganisha waya wa betri ili umeme wa mashine usiharibu vyombo vya gari. Hushikiza vipande kwa alama chache tu vikiwa mahali pake, kisha huviteremsha na kuchomelea mzunguko wote vikiwa mezani, kwa maana upande wa juu wa bomba, unaotazama sakafu ya gari, haufikiwi vizuri bomba likiwa limefungwa. Tundu dogo la upande huo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani, na moshi wake hupanda moja kwa moja chini ya viti.

Tano hukumbuka kwamba chuma kina uhai wake. Bomba la chuma lenye urefu wa meta mbili, joto lake likipanda kwa digrii 300, hurefuka milimita 7 hivi. Tena mtambo hutikisika juu ya raba zake kila dereva akanyagapo mafuta. Bomba lililofungwa kwa chuma kitupu pande zote halina nafasi ya kurefuka wala kutikisika, basi hupasuka penye kiungo au huivunja heda yenyewe. Dawa yake ni kiungo cha mviringo chenye springi, au kipande cha bomba la kunyumbuka lililosukwa kwa nyuzi za chuma, na raba mpya za kuning'inizia. Fundi aangalie pia kwamba bomba haliko karibu na mrija wa petroli, mrija wa breki, wala waya za umeme, na kwamba halishuki chini kuliko lile la kwanza. Katika nchi ya lava, kila sentimeta ya kimo ina thamani.

Kama gari ni la siku hizi, lina chombo kidogo kipimacho oksijeni katika moshi, ili kompyuta ijue kiasi cha petroli ya kumimina. Chombo hicho kirudishwe mahali pake, mbele ya sailensa na mbele ya kichujio cha moshi. Kiungo kikivuja kabla ya chombo hicho, hewa ya nje huingia bombani, kompyuta hudanganyika ikidhani petroli ni kidogo, nayo huongeza. Hivyo mwenye gari hulipa mara mbili: petroli nyingi zaidi, na sumu nyingi zaidi.

Mwisho fundi hujaribu. Mtambo ukiwa baridi hupaka maji ya sabuni kwenye viungo, msaidizi akauwasha na kuziba kidogo mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene. Mapovu yakitokea, hewa inavuja. Halafu gari hutembezwa, hupoa, na bolti hukazwa tena, kwa maana moto wa kwanza huzilegeza. Baada ya siku kadhaa hutazamwa upya. Alama nyeusi ya masizi karibu na kiungo ni barua iliyoandikwa na moshi wenyewe, ikisema, “Nilitokea hapa.”

Huenda msomaji akauliza: je, heda ni bora kuliko manifoldi ya zamani? Kwa mtu ashindanaye kwa mbio, ndiyo. Kwa abebaye abiria na viazi katika njia ya Masisi, si lazima. Mabomba ya heda ni membamba, hupiga kelele zaidi, huwasha joto karibu na waya, na hupasuka upesi yakitikiswa. Kama manifoldi ya asili ina ufa mdogo, fundi ajuaye chuma cha kusubu aweza kuiponya: huipasha moto kwanza, huichomelea kwa vijiti vyenye nikeli, kisha huiacha ipoe polepole sana. Lakini kama imekwisha kabisa, heda iliyounganishwa vizuri ni rafiki, kwa maana kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Na ninyi abiria, msiseme kwamba haya ni mambo ya mafundi. Mkisikia mlio wa kupiga chini ya sakafu, mkinusa moshi ndani ya gari, mwambieni shofere bila haya. Kumbukeni kwamba kunusa moshi ni bahati, kwa sababu kaboni monoksaidi peke yake hainuki. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni milima. Simamisheni gari, fungueni milango yote, shukeni, mkae penye upepo. Anayesinzia aamshwe, na asipoamka atolewe nje mara moja na kupelekwa penye daktari. Tena jihadharini na nyuma ya gari lililofunikwa turubai. Gari likienda mbio, hewa ya nyuma huzunguka na kuuvuta moshi urudi ndani, na huko nyuma ndiko watoto wanakolazwa juu ya magunia.

Kwa wenye magari tunasema neno moja. Kipande cha bamba, gasketi mpya na siku moja ya fundi si gharama kubwa mbele ya nauli za safari chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa bomba la moshi, ukuta wake ni kaburi.

Siku yako ya kwenda Masisi, ukishuka Mubambiro kununua ndizi, gari likiwa linanguruma kando ya barabara, tega sikio. Kama mlio watoka nyuma tu, laini, na huku chini hakuna kinachopiga, jua kwamba yuko fundi aliyepima kabla ya kukata. Mpe heshima yake. Watoto wa kijiji hicho hufundishwa kutokulala bondeni kwa sababu ya mazuku. Haifai watoke salama bondeni, kisha walale usingizi usio na mwisho ndani ya gari linalowapeleka shuleni au sokoni.